Moshi Uliohamishiwa Homa Bay

Kitu cha kwanza Risper alichokiona kwa Maroa ni kwamba upande wa kushoto hakuwa na nyusi. Upande wa kulia nyusi ilikaa vizuri, nene na nyeusi. Upande wa kushoto palikuwa patupu, pameng'aa kama goti la mtoto aliyepakwa mafuta. Moto wa gesi ulikuwa umemlamba siku moja akikata chesisi ya basi, na tangu hapo, hata akiwa na huzuni, uso wake ulikuwa kama wa mtu anayekuuliza swali la kuchekesha. Risper alimtazama mara moja tu, akainamisha kichwa, halafu akajikuta anapima misumari ambayo alikuwa ameshaipima.

Hapo ni kwenye yadi ya vyuma chakavu ya Bwana Noordin, Migori, kando ya barabara ya kwenda Isebania. Kila kitu kilichochoka upande ule wa nchi kiliishia pale: majembe, vitanda vya hospitali, pampu za mgodi wa zamani, matangi yaliyotoboka, milango ya matrekta. Kazi ya Risper ilikuwa kuchambua. Alikuwa na sumaku kubwa iliyotolewa kwenye spika, ameifunga kwa kamba, akiishusha juu ya kila kipande kama mtu anayevua samaki. Kikinata, ni chuma, kinakwenda kwenye rundo la Kampuni ya Mombasa inayonunua chuma. Kisiponata, ni shaba au alumini, kinakwenda stoo kwa Bwana Noordin mwenyewe. Ilikuwa kazi nzuri kwa mtu asiyependa kuongea, kwa sababu sumaku haiulizi maswali.

Si kwamba Risper hakuwa na maneno. Alikuwa nayo mengi, ila yalikuwa yakija yote kwa pamoja na kukwama mlangoni. Darasa la tano aliliacha katikati, mama yake alipougua, na mpaka leo kila alipotaka kusema jambo mbele ya watu alihisi kuna mwalimu mahali fulani atakayemwambia asimame, arudie kwa sauti. Basi akanyamaza, na watu wakazoea.

Maroa aliongea na kila mtu, mpaka na ng'ombe waliopita barabarani. Alikuwa Mkuria wa upande wa Kehancha, Risper Mjaluo wa Sindo, na katikati yao palikuwa na Kiswahili tu, Kiswahili cha sokoni, ambacho kila mmoja alikishika alivyoweza. Kila siku, bila kukosa, alimletea Risper kipande ambacho hata kipofu angejua ni kitu gani.

"Risper, hebu nipimie hii."

Risper alishusha sumaku. Ikanata kwa kishindo.

"Kumbe ni chuma," Maroa alisema, akitikisa kichwa. "Mimi nilifikiri ni andazi."

Akaenda zake anapiga mluzi, na Risper alibaki na sumaku imeganda, na asubuhi nzima vyuma vyote vikawa vinanukia maandazi.

Mwaka huo ulikuwa 1999, mvua ya masika ikiwa inakaribia, na mambo mawili yalikuja kwa wiki moja. La kwanza lilitoka Sindo. Shangazi yake Risper, Phelesia, ambaye kwa Kijaluo alimwita waya, alimtuma mchuuzi wa omena na ujumbe: kuna mzee amefiwa na mkewe, ana mitumbwi, anatafuta wa kuoa. Kama kazi ya Migori ni ya kubahatisha, Risper arudi nyumbani kabla mvua haijaanza. Kama ni kazi ya kudumu, basi, waya atamwambia mzee atafute kwingine. Risper aliwahi kuiona ile mitumbwi. Ilikuwa mizuri, imepakwa rangi ya samawati. Mitumbwi haikuwa na kosa lolote.

La pili lilikuja kwa simu. Bwana Noordin aliipokea ofisini, akatoka nje ameshika kofia yake kwa mikono miwili, akawaita wote.

"Kampuni inapunguza yadi," alisema. "Upande huu wote itabaki moja. Ama sisi, ama ile ya Kisii. Kuna mtu anatoka Mombasa kuja kutuangalia."

"Wanaangalia nini, Bosi?" Maroa aliuliza. "Uzito?"

"Moshi."

Watu walitazamana. Kampuni hiyo ilikuwa kubwa. Ilikuwa na tanuru Mombasa ambalo, kwa maneno ya madereva wa lori, lilikuwa likila basi zima na kulitoa likiwa nondo. Kwamba kampuni ya namna hiyo inaweza kuja Migori kutafuta moshi ilikuwa sawa na tembo kuja kwako kuuliza kama umekanyaga nyasi.

Ombati, msimamizi wa yadi, alikuwa mtu wa kusikiliza redio, na hakuna habari iliyompita bila kuguswa. Akasafisha koo.

"Ni hivi. Kuna matajiri Ulaya wanataka kuikopesha Kampuni tanuru jipya. Lakini wameuliza: hiki chuma chenu, tangu kinaokotwa mpaka kinakuwa nondo, kimetoa hewa chafu kiasi gani? Kampuni sharti iripoti yote, kuanzia hapa kwetu. Inaitwa kaboni." Alilitamka neno hilo polepole, kama mtu aliyeazimwa saa ya dhahabu.

"Na hiyo kaboni ni nini?" aliuliza Nyasuguta, mpishi wa yadi, mwanamke mnene wa Kikuria aliyewaita wote wanangu, mpaka Bwana Noordin.

"Ni ule weusi wa moshi."

"Basi sufuria zangu zote ni kaboni."

"Ndiyo maana wewe ndio adui wetu wa kwanza."

Bwana Noordin akakata shauri palepale. Yadi yenye moshi mdogo ndiyo itakayobaki. Na moshi mdogo kuliko wote ni kukosa moshi kabisa. Siku ya mgeni hakuna kuwasha kitu. Hakuna kuchoma nyaya kutoa shaba, hakuna kuchoma sponji za viti vya magari, hakuna gesi, hakuna mkaa, hata sigara. Watu wakaitikia. Nyasuguta peke yake alibaki amesimama na mwiko wake.

"Mgeni atoke Mombasa, afike kwangu, akute jivu baridi?"

"Siku moja tu, Mama."

"Boma likikosa moshi asubuhi, watu wanajua ni mambo matatu. Wamefiwa, ama wamehama, ama mwanamke wa hapo ni mchoyo. Sasa mimi, Noordin mwanangu, unataka niwe yupi?"

Bwana Noordin alikuwa ametoka Mumias miaka mingi iliyopita, na alikuwa ameishi Migori vya kutosha kujua kwamba hapo hakuna wa kumshinda. Wakatafuta njia, wakaipata: sufuria zitahamia upande wa pili wa ua, kwenye hoteli ya Priscilla. Moshi utakuwa wa Priscilla, chakula kitakuwa cha yadi. Na kwa kuwa mawazo mazuri huja kwa makundi, likaja la pili. Bwana Noordin alikuwa amenunua meli ndogo ya zamani, iliyolala ufukweni Homa Bay tangu injini yake ilipokufa. Ombati na Maroa wataanza kuikata siku hiyohiyo. Lori litabeba mitungi ya gesi, na juu yake zirundikwe nyaya zote na sponji zote zinazongoja moto. Zikachomwe huko, mbele ya ziwa, pasipo na mtu wa kuuliza.

"Na nani atamtembeza mgeni?" Ombati aliuliza.

Bwana Noordin aliwaangalia mmoja mmoja. Nyasuguta alikuwa na mdomo. Wapakiaji walikuwa na midomo. Macho yake yakatua penye sumaku.

"Risper. Wewe ndiye nimekuchagua. Huongei."

Risper akaitikia kwa kichwa. Aibu yake ilikuwa imemletea mambo mengi, lakini cheo hakijawahi kuwa kimojawapo.

Asubuhi ile lori lilipoondoka, Maroa alikuwa amekaa juu ya rundo la viti kama chifu.

"Risper, nikirudi usiniambie ulimpimia mtu mwingine," alisema kutoka juu.

Risper alitaka kumjibu. Jibu lilikuwepo, tena zuri, lilifika mpaka kwenye meno. Lori likaingia barabarani, na jibu likarudi chini lilikotoka.

Mgeni alikuja na pikapu ya Kampuni, akiendesha mwenyewe. Wote walikuwa wamengoja mwanamume mwenye tumbo na miwani. Akashuka msichana mwembamba, hijabu ya rangi ya embe bivu, viatu vya mpira, ameshika kiuno kwa uchovu.

"Hamjambo jamani. Mimi naitwa Sumayya. Nimeendesha tangu alfajiri kwa baridi yenu ya Kisii, hata vidole sivihisi. Kabla ya yote, naomba chai."

Yadi ilikuwa safi ajabu. Mawe ya mlangoni yalipakwa chokaa. Mafiga ya Nyasuguta yalikuwa yamepandwa maua, ambayo tayari yalikuwa yameanza kulala. Bwana Noordin alimkaribisha Bi Sumayya kwenye kiti, akakohoa kidogo akielekea uani. Mara juu ya ua wa mabati ukatokea mkono wa Priscilla umeshika birika linalofuka mvuke. Nyasuguta akalipokea kama aliyelichuma mtini.

Sumayya alikunywa. "Chai tamu. Imechemshiwa wapi?"

Bwana Noordin alimtazama Risper. Risper aliangalia vidole vyake vya miguu.

"Kwa jirani," alisema Nyasuguta.

"Na hapa kwenu hampiki?"

"Sisi hatupendi moshi," alisema Bwana Noordin.

Ukaja mkono mwingine, na maandazi ya moto. Ukaja mwingine na maharagwe. Nyuma yake ukaja mkono na sufuria nzima ya kuku, na huo ulitetemeka, ikabidi wapakiaji wawili wakimbie kuusaidia. Nyasuguta hakuwa mtu wa kumpa mgeni chakula kidogo eti kwa sababu ya matajiri wa Ulaya. Na kwa kuwa Priscilla hakuwa amezoea kupikia umati, kuni kavu zilimwishia, akaingiza mbichi. Juu ya ua ukapanda moshi wa kijivu, mnene, ukasimama kidogo kama unaotafuta anwani, halafu upepo ukauinamisha wote ndani ya yadi. Bwana Noordin akapotea. Kiti chake kikapotea. Ndani ya moshi ikasikika sauti yake, ya upole, ikiendelea:

"Kama unavyoona, Bi Sumayya, hewa yetu ni safi."

Sumayya aliweka kikombe chini. Mabega yake yalianza kutikisika. Risper alidhani analia kwa sababu ya moshi, akamletea maji, ndipo akagundua kwamba yule msichana alikuwa akicheka hadi sauti imekataa kutoka. Alijaribu kuacha, akaona maua kwenye mafiga, akaanza upya.

"Subhanallah," alisema alipopata pumzi. "Sikilizeni, ndugu zangu. Nani amewaambia nimekuja kutazama moshi?"

Macho yote yakamgeukia Bwana Noordin.

"Hewa yenyewe haionekani. Huo weusi ni masizi tu. Mimi sihitaji macho, nahitaji masikio. Mnaniambia mmechoma nini na kiasi gani, mimi napiga hesabu, basi. Ukichomea kwako, ukichomea kwa Priscilla, ukichomea Makka, hewa ni ileile, inaandikwa kwa aliyeutaka moto."

"Na asiyechoma kitu?" Bwana Noordin aliuliza kwa matumaini.

"Yadi ya vyuma isiyochoma kitu haipo. Anayeniambia hachomi, naandika hasemi. Na asiyesema, Kampuni inamkisia, inamwandikia kiwango cha juu kabisa. Hata tanuru letu kule Mombasa, mita ikiharibika, tunajiandikia cha juu. Ndiyo sheria ya ripoti."

Moshi uliondoka, na Bwana Noordin akaonekana amekaa vilevile, lakini mdogo zaidi.

"Sasa," Sumayya alisema, "hivi vyuma vikubwa vimekatwa kwa gesi. Nani huvikata?"

Bwana Noordin alifungua mdomo, akaufunga. Kusema ni kukiri alichoficha. Kunyamaza ni kuandikiwa cha juu. Nyasuguta aligeuka kutazama maua yake. Sumayya aliangaza macho uso kwa uso mpaka akafika kwa Risper, mtu pekee ambaye alikuwa hajamdanganya tangu alipofika.

"Dada, nani hukata?"

Risper alifikiria rundo la Kampuni. Akafikiria Sindo, na ile mitumbwi ya samawati iliyokosa kosa. Kitu kikasukuma kutoka ndani.

"Maroa," alisema.

Lilikuwa neno moja, jina la mtu, analoitwa mara mia kwa siku pale yadini. Lakini Risper hakuwahi kulitamka kwa sauti, na lilipotoka lilitoka limepambwa, limepakwa mafuta, limevaa nguo za Krismasi. Wapakiaji waliacha kutafuna. Nyasuguta alisema "Aa," taratibu, kama mtu aliyepata sindano iliyopotea. Masikio ya Risper yaliwaka.

"Na huyo Maroa," Sumayya aliuliza, akitazama pembeni kwa heshima, "yuko wapi?"

"Homa Bay."

Wakaenda. Sumayya na Risper walitangulia kwa pikapu, wakipitia Rongo, na Bwana Noordin alifuata kwa Peugeot yake ambayo kila kilima kiliipunguzia umri. Njiani Sumayya alisimulia habari za tanuru, joto lake, na jinsi babake alivyotaka awe mwalimu wa chekechea. Hakumuuliza Risper lolote. Hilo lilimfanya Risper ampende mara moja.

Waliteremka mjini na Homa Bay ikajifungua mbele yao, mlima wa Asego upande mmoja na ziwa upande wa pili, limetulia, linameremeta kama bati jipya. Meli ilikuwa ufukweni, imeegemea ubavu kidogo. Maroa alikuwa ameshakata sehemu yote ya chini upande wa ziwani, ikabaki kama nguo iliyopinduliwa. Na kwa juu bado ilikuwa na bomba lake la moshi, refu, limesimama wima kwa kiburi.

Ombati ndiye aliyeiona pikapu ya Kampuni kwanza, ikiwa bado juu barabarani. Na Ombati, ambaye hakuwa amesikia habari za masikio na macho, alifanya alichoagizwa na Bosi. Aliamuru kila kinachowaka kisukumiwe ndani ya meli, nyaya, sponji na matairi mawili. Maroa na vijana waliokuja na lori wakaingia nacho. Mlango wa chuma ukafungwa. Upande uliokatwa ukazibwa kwa mabati ya zamani. Ufukwe ukawa safi. Ombati akasimama mbele yake, mikono nyuma, akitazama ndege.

Moshi ulizunguka tumboni mwa meli ukitafuta njia. Ukaipata.

Risper na Sumayya walipokuwa wakishuka kwenye pikapu, bomba lilikohoa mara moja, likatema kiota cha ndege, kisha likaachilia moshi mweusi, mviringo baada ya mviringo, ukapanda juu ya Homa Bay kama enzi za wakoloni. Sokoni mtu akapiga kelele. Wengine wakaitika. Watu walianza kumiminika, kwanza watoto, halafu wazee walioikumbuka meli ile ikibeba pamba, halafu, kwa sababu Homa Bay ni mji wa watu wenye shughuli, wakaja wanawake wa samaki na mabeseni yao kichwani, tayari kusafiri.

"Inapitia Mbita ama inakwenda Takawiri moja kwa moja?" mmoja alimuuliza Ombati.

"Mama, hii meli haina tumbo."

"Nyathina, mwanangu, sijakuuliza tumbo. Nimekuuliza nauli."

"Haiendi mahali."

"Haiendi na inatoa moshi? Wewe ni kijana wa nani?"

Nyuma yake foleni ilikuwa imeshafanyika. Mzee mmoja alivua kofia. Mwingine alifika na mbuzi, akataka kujua kama mbuzi analipa kama mtu. Sumayya alimsogelea Ombati, midomo imekazwa ili isimsaliti.

"Bwana, meli hii ina nini?"

Ombati alitazama bomba kana kwamba ndio kwanza analiona. "Inafanyiwa majaribio, Madam."

Mlango wa chuma ukafunguka kwa teke. Wakatoka vijana wakikohoa, na wa mwisho akatoka Maroa, mweusi kutoka utosini mpaka kwenye kucha, mvuke ukimtoka mabegani, ameshika kipande cha sponji kinachofuka. Akasimama mbele ya umati wote ule, haelewi ulikotoka.

"Habari za safari?" Sumayya alimuuliza.

Maroa alifikiri kidogo. "Tumefika salama," alijibu.

Hapo ndipo Risper alipocheka. Hakuwahi kucheka mbele ya watu ila kwa kuziba mdomo. Sasa mikono ilikataa kupanda. Kicheko kilimtoka chenyewe, cha juu, cha kukatika, akashika mlango wa pikapu asianguke. Maroa aligeuka kutafuta kinakotoka. Alipoona ni nani, na yeye akaanza, na meno yake kwenye ule weusi yakawa kama taa. Mwanamke wa nauli akacheka bila kujua sababu. Mbuzi alilia. Bwana Noordin aliwasili na Peugeot yake wakati huo, akaona meli yake inatoka moshi na abiria wamepanga foleni, akakaa chini kwenye mchanga.

Walipotulia, Sumayya aliwakalisha wote kivulini mwa meli na kuwaeleza upya habari za masikio. Na sasa hapakuwa na wa kumzuia mwenzake. Walisema gesi, walisema nyaya, walisema matairi, walisema mkaa wa Nyasuguta na kuni mbichi za Priscilla. Ombati alikiri hata sigara zake. Sumayya aliandika akitikisa kichwa.

"Sasa Kisii ndio wameshinda," Bwana Noordin alisema kwa huzuni.

"Kisii walinionyesha shamba la kabichi wakaniambia ndiyo yadi," Sumayya alijibu. "Nyinyi na wao ni ndugu. Moshi wenu si mkubwa, si mdogo, ni wa kawaida, na nyaya mtaacha kuchoma, mtazimenya. Lakini ripoti si ya siku moja. Kila Ijumaa Mombasa itapiga simu yadini kuuliza mmechoma nini. Nataka sauti moja ya kunijibu. Mahali nitakapoipata sauti ya kweli, ndiyo yadi itakayobaki, na mwenye sauti ana kazi ya kudumu na Kampuni."

"Ombati anajua simu vizuri," alisema Bwana Noordin.

Wote, bila kupanga, waligeuka kutazama bomba la meli. Ombati naye akalitazama.

"Mimi nilikuwa nafikiria huyu," Sumayya alisema. "Leo amesema maneno mawili tu na yote yalikuwa ya kweli."

Risper alihisi mchanga unasogea chini yake. Kazi ya kudumu. Kubaki. Na bei yake ilikuwa ni kile kitu kimoja alichokosa.

"Hawezi," Bwana Noordin alinong'ona. "Ni mtoto mzuri, lakini hawezi. Hata salamu anaitikia kwa kichwa."

"Tutaona. Simu ya Migori inakwaruza kuliko upepo huu." Sumayya alisimama, akapanda kwenye gati na kutembea mpaka mwisho wake, hijabu ikipepea, akawa mdogo kama ua la njano. Kutoka kule akageuka. "Dada Risper, niambie jambo moja tu la kweli," alipaza sauti. "Nikilisikia, ni Migori. Nisipolisikia, ni Kisii."

Wanawake waliweka mabeseni chini ili wasikie vizuri.

"Sema tunachoma matairi," Bwana Noordin alinong'ona.

"Sema gesi," alisema Ombati. "Gesi ni neno fupi."

Maroa peke yake hakumwambia aseme nini. Alikuwa amesimama kwenye maji hadi magotini akijinawisha, akaacha, maji yakawa yanamdondoka vidoleni.

Risper alivuta pumzi, akajaribu. Kilitoka kitu kama mlio wa mlango wa kabati. Kule mwisho wa gati Sumayya aliweka mkono sikioni, akatikisa kichwa.

"Sema, nyathina," yule mwanamke wa nauli alisema. "Sisi tuko hapa tu, hatuna pa kwenda, meli yenyewe umeiona."

Watu wakacheka, na kicheko kile kikampata Risper mahali fulani chini ya mbavu, palepale palipokuwa pamefunguka mara ya kwanza, na akaona kwamba mlango ule ulikuwa haujafungwa tena. Alimtafuta mwalimu kwenye umati. Hakuwepo. Kulikuwa na ziwa, na mbuzi, na mtu mwenye uso nusu mweusi nusu safi anayemtazama kana kwamba dunia nzima imengojea zamu yake. Maneno yakaanza kupanda, yote kwa pamoja kama kawaida yao, na safari hii hakuyazuia, akayaacha yatoke yanavyotaka, kwa sauti iliyopita juu ya maji ikafika mwisho wa gati na labda mpaka Sindo kwenyewe.

"Sitaki kuolewa Sindo. Nampenda Maroa, na nataka kukaa Migori mahali alipo."